Mgongo Uliochelewa Kuinuka

Kabla hamjanihukumu, jueni kwamba darasani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanne wa jiolojia kule Nairobi, na kwa miaka minne jina la Njue halikushuka kutoka kileleni mwa orodha ya matokeo. Wanja alikuwa wa tisa. Mwaka mmoja aliteleza hadi kumi na mbili, nikamkalisha chini nikamfundisha kusoma miamba iliyopinda mpaka akarudi kwenye tisa yake. Baadaye nikamwoa. Nayataja haya kwa sababu majirani zetu wa Gatitu wanadhani mke wangu alizaliwa akijua.

Leo mimi ni mwalimu katika chuo kidogo cha ufundi mjini Nyeri. Nawafundisha vijana watakaojenga barabara tofauti ya udongo mwekundu na udongo mweusi, na kwa nini lori huzama kwenye huu na halizami kwenye ule. Ni kazi halali, sina haya nayo. Wanja alikuwa akipima maji ya visima mpaka miaka minne iliyopita, alipojiandikisha masomo ya juu kwa mtandao, pale pale mezani petu pa kulia, akachagua kusomea mabonde ya chini ya bahari. Nilicheka. Nilimwuliza ameiona bahari mara ngapi, akasema mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa fungate yetu na mvua ilinyesha wiki nzima.

Sasa ana skrini mbili na kiti cha ofisi cha kuzunguka. Anatumiwa michoro kutoka melini. Meli hupita juu ya maji ikipiga sauti kwenda chini, sauti inagonga tabaka za miamba na kurudi, na mwangwi huo ukichorwa unaonyesha tumbo la dunia lilivyo. Mwenye akili akiukazia macho anaweza kukueleza jinsi Madagaska ilivyobanduka ubavuni mwetu na kuteleza kusini, pengo lile likawa bahari, mito ikalijaza tope, tope likazikwa, likaiva kwa joto, likatoa mafuta na gesi. Hiyo ni sehemu rahisi. Ngumu ni kujua mafuta yalikwenda wapi. Mafuta ni mepesi, hupanda, na yasipokuta mtego wa kuyashika huenda zake. Mtego nao hutengenezwa na misukosuko ya dunia hiyo hiyo, na dunia haina haraka. Basi mambo hayo aliulizwa mwanafunzi wa tisa. Mimi niliulizwa kuhusu kokoto.

Wivu haukunijia siku moja. Jumapili moja mchungaji alimwita Wanja mbele ya kanisa, akamtambulisha kama binti yetu anayeitafutia nchi mafuta, washirika wakapiga makofi, na mimi nilikuwa kwenye benchi nimemshikia mkoba. Tulipotoka, jirani yetu Murugi akaniuliza, "Baba Mukami, na wewe ulisomea nini?"

"Kitu kile kile," nikamjibu.

"Ati?" akasema, akanitazama kama mtu anayedhani ametaniwa.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Wanja kilinikera. Nilikerwa na jinsi anavyocheka kwenye simu na watu wa Norwei wenye ile meli. Nilikerwa na miwani yake mipya. Kuna asubuhi nilizoomba mtandao ukatike, na ulipokatika niliona raha, nikamtengenezea chai kwa upendo wa kweli.

Mwezi wa pili, taasisi moja ya utafiti wa bahari ikatangaza kazi: kiongozi wa kikundi cha kusoma upya michoro yote ya zamani ya pwani. Ofisi Mombasa, nyumba, watu sita chini yake. Wanja aliomba. Mimi pia niliomba, bila kumwambia. Sikujibiwa hata barua ya kunikataa. Yeye akabaki katika wawili wa mwisho, pamoja na Seth, mtu wa Kakamega anayefanya kazi ya maji Murang'a, mpole na mwangalifu, wa kukagua kila namba mara tatu. Kila mmoja alipewa kipande chake cha bahari, aeleze historia yake tangu mwanzo na aonyeshe mahali ambapo yeye angechimba. Wangesikilizwa Alhamisi katika hoteli moja hapa Nyeri, kwa sababu jopo lilikuwa na semina huku. Watu wa pwani wakitaka kufikiri hupanda kwenye baridi.

Lazima niwaeleze desturi yetu moja, maana hapo ndipo kisa kilipo. Tulipokuwa wanafunzi tulikuwa na mchoro mmoja kati ya watu wawili, tena mchakavu. Anayeushika alisoma kwa sauti, kutoka tabaka la chini kabisa ambalo ndilo kongwe, akipanda mpaka juu. Mwingine alisikiliza bila kutazama. Kutazama kulikatazwa kabisa, kwa sababu michoro ina rangi nzuri na rangi hudanganya. Hadithi ikiyumba, msikilizaji husema, "Simama hapo." Basi. Haelezi kosa. Msomaji anarudi nyuma analitafuta mwenyewe mpaka alione. Tumefanya hivyo miaka kumi na tisa. Niliwahi kumsimamisha Wanja kwa nukta ya desimali. Yeye alinisimamisha mara moja usiku wa kuamkia mtihani wangu wa mwisho, na alikuwa na haki, nami nilipata alama zangu kwa sababu yake. Hilo huwa silitaji.

Jumapili kabla ya jopo, saa kumi, nilikuwa bandani nakamua. Wanja akaja na laptopu yake, akageuza debe akalikalia.

"Baba Mukami, uko na time? Nataka kukusomea yote, kutoka chini mpaka juu."

"Soma."

Nilikuwa nimeweka paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, kama ninavyokamua siku zote, kwa hiyo hakuweza kuniona uso. Akaanza na miamba ya kale, kabla Madagaska haijatoka. Akaeleza ule mpasuko, sakafu ikishuka, maji yakiingia. Alisoma vizuri. Kila nilipotafuta pa kumsimamisha nilikosa, na kila nilipokosa roho iliniuma zaidi.

"Alafu kuna hii tope nyeusi," akasema. "Imejaa vitu vilikufa baharini. Hii ndiyo iliiva. Hesabu ya joto nimeirudia mara nne. Ilianza kutoa mafuta miaka milioni arobaini iliyopita, ikamaliza kama milioni ishirini na tano."

"Endelea."

"Sasa kuna mgongo." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mama anayetaja mtoto aliyepita mtihani. "Ile tope yote iliteleza kwa mteremko wa bara, ikajikunja, ikainuka mgongo kubwa sana, Njue. Mchanga ndani, udongo mzito juu kama kifuniko. Iliinuka milioni sitini iliyopita, kwa hivyo mafuta ilipata mtego iko tayari. Juu ya mgongo, tabaka ya milioni hamsini iko na unene wa mita mia nne. Ubavuni pia mita mia nne. Tabaka za katikati ni hivyo hivyo. Kuanzia ya milioni kumi na tano ndiyo inaanza kuwa nyembamba juu."

Mkono wangu ukasimama kwenye chuchu.

Tope likitulia juu ya mgongo uliokwisha kuinuka, huwa jembamba kileleni na nene pembeni. Halina ujanja mwingine. Likiwa na unene ule ule kila mahali, maana yake lilitulia kwenye sakafu tambarare, na mgongo haukuwepo. Mgongo wa Wanja haukuwa wa milioni sitini. Ulianza kuinuka milioni kumi na tano iliyopita, na kufikia hapo mafuta yalikuwa yameshatoka na kwenda zake miaka milioni kumi nzima. Ilikuwa sawa na kuleta ndoo bandani ng'ombe akiwa ameshakamuliwa. Angewaambia watu wachimbe kwa mamilioni ya dola katika mtego mtupu.

Yote hayo niliyaona kabla hajavuta pumzi ya sentensi iliyofuata. Neno lilikuwa mdomoni. Simama hapo. Hata ng'ombe aligeuza kichwa kuona kwa nini nimeacha kukamua.

"Endelea," nikasema, nikakamua.

Alipomaliza akaniuliza, "Sasa? Iko aje?"

"Iko sawa."

"Yote?"

"Yote. Utawamaliza."

Akanigusa bega, akasema asante, akabeba maziwa kupeleka ndani. Mimi nilibaki pale kwenye kigoda na furaha ambayo siwezi kuisifia. Ilikuwa ndogo na yenye joto, na ilikuwa yangu peke yangu.

Msiniambie nilikuwa na siku nne za kutubu. Nazijua, nilizihesabu. Jumatatu alichapisha karatasi zake, nikamsaidia kuzipanga. Jumanne alikwenda mjini kununua suti ya rangi ya udongo, akaivaa akazunguka sebuleni, akaniuliza kama inambana, nikasema haimbani. Jumatano binti yetu Mukami alipiga simu kutoka shuleni kupitia kwa mwalimu wake, akaniambia nimwambie mama amemwombea. Nilimwambia. Kila mara nilijipa sababu. Nilijiambia kazi ni yake na mwamba ngoma huvutia kwake. Nilijiambia jopo halitagundua. Kisha nilijiambia litagundua, na hapo nilijikuta nikipiga mluzi.

Nilichotaka ni hiki: nilitaka aanguke. Si sana. Kidogo tu, arudi kwenye tisa yake, abaki Gatitu.

Alhamisi asubuhi ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini, wengi walimu wa vyuo vya huku milimani walioalikwa kusikiliza. Mimi nilikaa mstari wa mwisho, karibu na birika la chai. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Daktari Nekoye, mwanamke mfupi wa Bungoma aliyekuwa amevaa sweta mbili na bado akisugua mikono. Alisema kila mtu ataeleza kwa Kiswahili, kwa sababu atakayepata kazi hii atawaeleza watu wa vijiji vya pwani kinachotafutwa mbele ya milango yao, na asiyeweza kukieleza kwa lugha yao hakijui.

Seth alitangulia. Kazi yake ilikuwa safi na ya kulaza watu usingizi. Kisha Wanja akapanda na suti yake, na kufikia dakika ya tano hakuna aliyekuwa akigusa simu. Alizungumza juu ya Madagaska kama anayezungumzia jirani aliyehama. Watu walicheka alipotaka wacheke. Nilimtazama, kikombe cha chai mkononi. Nikawa nahesabu. Bado tabaka tatu. Bado mbili. Mgongo ukajaa ukutani, mwekundu na wa manjano, mzuri kweli kweli. Nilielewa jinsi ulivyomdanganya.

Daktari Nekoye akainua kalamu. "Dada Wanja, hii mgongo unasema iliinuka lini?"

"Miaka milioni sitini, Daktari."

"Na tabaka ya milioni hamsini, juu ya mgongo iko na unene gani?"

"Mita mia nne."

"Ubavuni?"

"Mita mia..."

Nilikuwa nimeingojea dakika hiyo siku nne. Nilidhani itakuwa tamu. Wanja aliugeukia ukuta, akautazama mchoro wake kwa muda mrefu, mabega yakiwa yameshuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kikaipeleka mpaka nyuma, "Simama hapo, Wanja."

Akatugeukia. "Madaktari, nimekosea. Mgongo ni changa. Ilikuja nyuma ya mafuta. Ndani yake hakuna kitu, ama kama kuna kitu ni mabaki tu. Naomba dakika tano."

Nekoye akampa. Wanja akachukua kalamu ya ubao, akaanza upya mbele yetu. Alisema mafuta hayangojei mtu. Kama mgongo haukuwepo, basi yalipanda kuelekea upande wa juu, na upande wa juu ni magharibi, kwenye bara. Baadaye bara lenyewe likavimba, uvimbe ule ule uliopasua Bonde la Ufa na mwishowe ukauinua huu mlima tunaouona dirishani, na sakafu yote ya bahari ikainama zaidi. Chochote kilichobaki mashariki kilizidi kumiminika magharibi. Basi mtego wa kutafuta ni ule uliokuwepo tangu zamani, mahali ambapo tabaka la mchanga linazidi kuwa jembamba mpaka linakufa ndani ya udongo mzito. Hapo mafuta yangefika yakakosa pa kupitia. Akachora duara.

"Uko na uhakika?" Nekoye akamwuliza.

"Sina. Lakini hapa niko na sababu. Kule nilikuwa na picha mzuri."

Watu walicheka, na safari hii walicheka pamoja naye. Mimi hesabu hiyo ingenichukua siku nzima, labda mbili. Yeye ilimchukua dakika tano, amesimama, amefedheheka, mbele ya watu arobaini. Wa kwanza darasani alikuwa amekaa karibu na birika la chai.

Ningekwenda nyumbani na wivu wangu ule ule kama Nekoye hangefunua karatasi nyingine.

"Kwa fomu yako umeandika kazi imekaguliwa na Bwana Njue," akasema. "Na chini hapa unapendekeza huyo huyo awe msaidizi wako, mkaguzi wa kikundi. Umeandika, nanukuu, hakuna masikio mazuri kuliko yake Kenya hii. Yuko hapa?"

"Yuko pale nyuma," Wanja akasema.

Shingo arobaini zikageuka. Sikujua lolote juu ya fomu hiyo. Ningependa kusema nilishikwa na haya, lakini kilichonijia kwanza ni hasira: ati niwe msaidizi wake. Haya ilifuata baadaye kidogo.

"Hii hadithi aliisikiliza yote?" Nekoye akauliza. "Hata hiyo mita mia nne kwa mia nne?"

"Aliisikiliza."

"Na hakusema kitu?"

Wanja alinitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi. Ningeweza kusimama wakati ule, na nilijua kwamba ningeweza. Nilitazama chai yangu.

"Hakuona," Wanja akasema. "Hata mimi sikuona, na nimekaa na hii mgongo miezi saba. Si kosa yake."

Nekoye akaandika kitu, akakipigia mstari.

Kabla ya chakula cha mchana walitangaza kwamba kazi ni ya Wanja. Seth alikuja kumpa mkono akasema yeye asingeweza kukiri kosa namna ile mbele ya watu. Nekoye naye alipokuwa akielekea mezani alisimama mbele yangu na sahani yake. "Pole, Bwana Njue," akaniambia, kwa huruma kabisa. "Masikio nayo huchoka." Mwalimu mmoja wa Mweiga aliyenisikia nikijisifu miaka yote alikuwa nyuma yake, na alijifanya anatafuta chumvi.

Gari aliendesha Wanja, ni lake. Njia nzima hakusema sana, nami nilidhani anafurahia ushindi wake kimya kimya. Saa nane tulikuwa nyumbani. Alivua viatu vya visigino, akavaa malapa, akaanza kumenya viazi akiwa bado na suti. Nilikaa mezani, kwenye ule upande usio na skrini.

"Usijiumize bure, Baba Mukami," akasema. "Hiyo kitu ingepita mtu yeyote."

Nilianza kukusanya maganda ya viazi.

"Wacha nikuonyeshe. Nilipoiona nilishangaa vile ni rahisi." Akachukua sahani, akaweka kiazi kimoja katikati, akachota uji wa asubuhi uliobaki kwenye sufuria akaumwaga juu yake taratibu. "Ona. Hii kiazi ni mgongo. Uji umeteremka, juu umebaki mwembamba. Sasa kama uji ungekuwa sawa juu na pembeni, ni kusema kiazi haikuwa hapo. Iliingia chini baadaye. Umeshika?"

Umeshika. Ndilo neno ninalowauliza vijana wa barabara. Aliniuliza kwa upole, ameinama kidogo, kama nilivyokuwa nikimwinamia yeye mwaka ule alioteleza hadi kumi na mbili.

"Niliona," nikasema.

"Uliona nini?"

"Mita mia nne juu, mita mia nne ubavuni. Niliona Jumapili. Hujamaliza hata hiyo sentensi nilikuwa nimeona. Usinifundishe na uji, Wanja. Mimi ndiye nilikufundisha."

Nawaambia ukweli wa Mungu, kwa muda wa pumzi mbili nilijisikia vizuri. Nilikuwa mtu aliyerudishiwa jina lake. Kisha nikamtazama usoni.

Alikiweka kisu chini. Uji ulikuwa unadondoka kutoka kwenye ukingo wa sahani na hakuupangusa.

"Jumapili," akasema.

"Jumapili."

"Ulisema endelea."

"Nilisema endelea."

Akavuta kiti akakaa. Hakulia wala hakupaza sauti, ningependelea hayo. "Huko kwa hoteli nilipokuangalia," akasema, "nilifikiria hiyo kitu. Nikasema hapana. Njia yote kutoka mjini nilikuwa naomba Mungu iwe ni kweli hukuona. Niliona afadhali bwana yangu awe ni mtu wa kupitwa na kitu." Akaisogeza sahani kando. "Na hata nisingekuuliza. Ungekaa tu kimya, Njue, ningeamini maisha yangu yote."

Nilisema kwamba nilikuwa na wivu. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa sauti, na lilitoka likiwa dogo sana kwa mzigo niliolibebesha.

"Najua uko na wivu," akasema. "Hiyo nimejua miaka nne. Hata ulipoomba hii kazi nilijua, barua pepe yako iko kwa laptop yangu, ulisahau kuifunga. Ndio maana nikaandika jina lako. Nilifikiria tukienda pamoja itaisha."

Akainuka. Akanawa mikono, akaipangusa kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Daktari Nekoye alisema nimpatie jina la mkaguzi mwingine kabla ya saa kumi na moja. Nilikuwa nataka nikimaliza kupika nimpigie, nimwombe akupatie nafasi nyingine."

Alichukua simu akatoka nje. Dirisha la jikoni huwa halifungi vizuri. Nilimwona amesimama karibu na kamba ya nguo, amenipa mgongo, na nilimsikia akimsalimia Daktari, akimshukuru, kisha akilitaja jina la Seth na namba yake ya simu, polepole, apate kuandika. Nekoye lazima alimwuliza jambo, kwa sababu Wanja alinyamaza, na nikaona mkono wake wa bure ukiishika ile kamba. Nilijua ni swali gani. Nilisimama, nikaushika ukingo wa dirisha, na nadhani nilitaka amwambie ukweli, walau watu wawili duniani wajue kwamba niliona.

"Hapana, Daktari," Wanja akasema. "Nimemwuliza tena. Hakuona."